Ukuta Wenye Mikia

Siwapendi watu wanaopiga ukuta kofi. Wamejaa Nairobi nzima. Mwenye nyumba anakuleta kwenye jengo lake jipya, anasimama mbele ya ukuta wa mawe, anauzaba makofi mawili kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha anakutazama usoni akingoja umsifu. "Hii ni stone," anasema. Zaidi ya hapo hajui kitu. Hajui ni kitu gani kinachoshikanisha jiwe moja na jingine, hajui pembe za nyumba zimefungwa au zimeegemeana tu kama walevi wawili, na ukimuuliza habari za tetemeko atakwambia hayo ni mambo ya Wajapani. Anasema hivyo akiwa Kabiria, ambako asubuhi isiyo na ukungu unaviona vilima vya Ngong, na nyuma ya vilima vile ardhi yenyewe imepasuka tangu enzi na enzi. Alifundishwa Bonde la Ufa darasa la sita, akajibu mtihani, akaliacha bonde huko huko shuleni.

Bingwa wa kupiga ukuta kofi alikuwa kaka yangu mkubwa. Wakati ule, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi River Road, chumba chembamba kilichojaa misumari, kufuli na mikebe ya rangi, na juu ya mlango alikuwa ametundika misokoto ya utepe wa chuma, ule mwembamba wa kulaza katikati ya mawe ambao mafundi wote huuita hoop iron. Aliuza kila kitu cha kujengea na hakujua kujenga hata banda la kuku. Lakini mtu akiuza misumari kwa muda mrefu huanza kujiona fundi, na mafundi wakimwita "boss" mara tatu kwa siku anajiona injinia.

Mimi nilikuwa na diploma ya ujenzi. Nilifanya kazi katikati ya jiji kwa injinia mmoja mzee, Kalasinga, mwenye ofisi kwenye ghorofa ya pili ya jengo la mawe la zamani lenye ngazi za mbao. Nilichora michoro na kutumwa kwenye saiti kukagua. Kaka aliniita "injinia wa biro", nami nikamwita "daktari wa misumari". Tulipendana kwa namna hiyo ya kurushiana mawe.

Mama yetu alikaa Kabiria, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu baba, katika nyumba ya mbao na mabati ambayo baba aliijenga mwenyewe kabla sijazaliwa. Ilivuja mahali pawili na mama alijua sufuria gani iwekwe wapi. Kaka aliionea aibu. Alitaka ibomolewe, pajengwe jumba la mawe la ghorofa mbili juu ya ile ya chini, wapangaji wakae juu, mama apewe vyumba viwili vya chini upande wa barabara.

"Watu wananicheka, mama," alimwambia siku moja tukinywa chai. "Nauza vitu za kujenga na mamangu analala kwa mbao? Hiyo ni aibu."

"Mbao inalia kabla ya kuvunjika," mama akasema. "Unaisikia, unatoka. Jiwe halisemi."

Kaka alicheka mpaka chai ikammwagikia. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimesomea jambo hilo hilo kwa miaka mitatu na hakuna mwalimu aliyenieleza kwa maneno machache hivyo.

Alimsumbua miezi mingi. Mwishowe mama alikubali, ila aliweka sharti. Alininyooshea kidole. Mimi huniita mami, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwetu jina likirudi heshima hurudi nalo. "Nitaingia kama mami amesema inakaa sawa," alisema. "Si wewe. Si fundi wako. Huyu akisema nilale, nitalala."

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Niliona ni wakati wa kumfundisha daktari wa misumari adabu.

Wiki ile nilimweleza injinia habari za nyumba ya mama. Yeye hakuwa mtu wa hotuba. Alimtuma mtu dukani akaleta viberiti, akavipanga juu ya sinia ya chai, safu juu ya safu, kuta nne na upenyo wa mlango. Akaweka kitabu kizito juu.

"Ona, beti," alisema. Aliniita beti, binti kwa lugha yao. "Nyumba ya mawe iko nguvu kubeba. Juu kuja chini, hapana shida. Wewe ongeza kitabu, yeye nabeba." Akaongeza kitabu cha pili, na viberiti vikabeba. Akaviondoa vitabu, akashika sinia, akaitikisa kando, kidogo tu. Pembe zilifunguka kwanza. Kila ukuta ukajiendea njia yake, ukalala nje.

Akavipanga upya. Safari hii alizungusha mipira ya kufungia noti, mmoja katikati na mwingine juu kabisa, akatikisa kwa nguvu zaidi. Kijumba kikayumba, kikapinda, kikasimama.

"Hii ya katikati ndiyo hoop iron. Hii ya juu ndiyo mkanda ya zege. Bila hii, kuta nne ni kuta nne tu. Na hii, sasa ni nyumba."

Nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hilo. Siku ile ndipo nilipolielewa.

Basi nikachora. Mchoro wangu ulikuwa mzuri, hata leo nausifu. Mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka kuta zote kila ghorofa, na utepe wa chuma kila baada ya kosi mbili, yaani safu mbili za mawe, upite ukutani mwote na kukunjwa kwenye pembe. Nikampa kaka, kaka akampa fundi, na fundi akaukunja mara nne akautia mfuko wa nyuma wa suruali. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata juani, na alinisemesha kwa sauti ya kubembeleza mbuzi.

"Madam, hii mawe nimejenga miaka mingi. Wewe usiwe na wasi."

Nilimdharau hapo hapo. Nilimdharau kwa kofia yake, kwa mchoro wangu uliokuwa ukilowa jasho mfukoni mwake, na kwa namna alivyopima simiti kwa koleo na mchanga kwa toroli kana kwamba koleo na toroli ni ndugu. Niliapa kwamba mtu huyu hatanichezea.

Tatizo langu lilikuwa siku. Jumatatu hadi Jumamosi nilikuwa kazini. Niliweza kwenda Kabiria Jumapili tu, nikitoka kanisani, nikiwa na gauni la kanisani na viatu vyeusi vyenye kisigino. Jumapili mafundi hawajengi. Nilichokikuta ni ukuta uliokwisha kupanda, na chuma cha ndani ya ukuta hakionekani. Kinalazwa, kinafunikwa simiti, jiwe linakuja juu, na kuanzia hapo ni siri kati ya fundi na Mungu wake.

Nikafikiri, na nikapata jibu ambalo niliona ni la akili nyingi. Upande wa magharibi kaka alitaka siku moja aongeze jengo, kwa hiyo ukuta ulikuwa unaachwa na meno, jiwe moja limetoka nje na jingine limeingia ndani, kama wanavyofanya watu wote wa Nairobi wanaojenga leo wakiota ya kesho. Nilimwambia fundi kila utepe wa chuma utokeze pale kwenye meno, mkia wa shibiri moja, ili nami nikisimama getini niweze kuhesabu bila kupanda jukwaa. Kosi mbili, mkia. Kosi mbili, mkia. Kosi zikipita tatu bila mkia, ukuta unabomolewa.

Fundi aliisikiliza amri yangu kwa heshima kubwa.

"Hiyo iko sawa kabisa, madam," alisema. "Hata hutahitaji kuingia huku kwa matope. Usichafue viatu."

Kila Jumapili nikasimama getini na kuhesabu, na hesabu ilikuwa kamili kila mara. Jumapili moja mkia mmoja ulikosekana, nikafoka mbele ya majirani hadi fundi alipopigiwa simu kwake, na Jumapili iliyofuata ulikuwepo. Nilirudi mjini nikijipongeza. Katika mtaa mzima ni nyumba yetu peke yake iliyokuwa na msimamizi aliyesoma. Jirani wa mbele alijenga kwa matofali yasiyoiva, akapaka plasta, halafu akamlipa mtu achore mistari kwa msumari na kamba ili ionekane ni mawe. Mwingine alisimamisha ukuta wa pembetatu wa paa, mrefu kama wa kanisa, bila kuufunga na chochote. Niliwatazama watu hao kama mtu aliyeoga anavyowatazama wasiooga.

Nyumba ikaisha. Mbao za baba zikabomolewa, isipokuwa jiko la nyuma, kibanda cha mbao ambacho mama alikataa kisiguswe kwa sababu githeri, mahindi na maharagwe, ikipikwa kwa gesi haimshibishi. Siku ya kuingia kaka alichinja mbuzi na kumleta mchungaji. Mchungaji alizunguka nje ya jengo, akapaka mafuta kwenye pembe zote nne na kukemea dhoruba, moto na mishale ya adui. Nilisimama na sahani yangu nikicheka moyoni. Mzee, nilisema kimoyomoyo, okoa mafuta yako, pembe hizo zimefungwa kwa chuma.

Mama hakuingia na wengine. Alisimama mlangoni, akaukamata mkono wangu.

"Umeangalia, mami?"

"Nimeangalia."

"Nilale?"

"Lala, mama."

Akavua kandambili, akaingia.

Miaka michache ikapita, ukaja ule mwaka wa mitetemeko iliyotoka upande wa Tanzania. Yeyote aliyekuwa Nairobi anaukumbuka, na kila mmoja ana kisa chake ambacho hukirefusha kila akikisimulia. Ilikuwa alasiri, tuko ofisini. Chai ilitikisika kikombeni kabla sijaelewa ni nini, kisha sakafu ikajisogeza, na milango ya kabati la mafaili ikaanza kugonga. Injinia mzee hakukimbia. Alinyanyua kiganja, akakiweka ukutani taratibu, kama daktari anavyomgusa mgonjwa, akasubiri mpaka ukatulia. Sisi wengine tuliteremka zile ngazi za mbao kwa kelele ambayo bado inanitia haya.

Barabarani nilikuta jiji lote la werevu. Mawakili, makarani, wauza saa, watu waliosoma mpaka ng'ambo, wote wamesimama kichwa juu wakitazama majengo, na wamesimama wapi? Chini kabisa ya vioo, chini ya mabango na kingo za paa, vitu vile vile ambavyo huanguka vya kwanza. Nilimwambia bwana mmoja aliyevaa tai asogee katikati ya barabara. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwacha na ukingo wake.

Nikampigia mama simu.

"Vikombe vimecheza, mami," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Watu wa juu wametoka wote, wako nje na watoto. Mimi nilale humu?"

"Lala, mama. Hiyo nyumba imefungwa."

Alilala. Siku zilizofuata ardhi ikatikisika tena na tena, na kila mara alinipigia, na kila mara nilimpa jibu lile lile. Majirani wengine walikuwa wakilala nje na mablanketi. Yeye alikuwa akiwaambia binti yake ni mtu wa majengo, amesema hakuna taabu.

Jumamosi nilikwenda. Kwenye pembe ya dirisha la chumba chake palikuwa na ufa, mwembamba, ukipanda kama ngazi kufuata viungo vya mawe mpaka karibu na dari. Wapangaji na majirani walikusanyika. Kaka alikuwa amekwisha fika, na kopo la lipu ya kuzibia na kisu chake, akijisemea kwa sauti kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ile imewaharibu watu wa nchi hii. Wanaziba, hawaulizi ufa umetoka wapi. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, halafu nikawahutubia wote kama mtu anayegombea udiwani. Niliwaeleza habari za mvutano, kwamba ukuta wa mawe ukigandamizwa hustahimili lakini ukivutwa huachana, na kwamba ufa huu umekuwa mdogo kwa sababu ndani mna utepe wa chuma kila kosi mbili. Nikawaonyesha mikia upande wa magharibi. Waliitazama mikia kwa heshima. Mama alisimama nyuma yangu, ameunganisha mikono, akinitazama mimi na si ukuta.

Wiki mbili baadaye alinipigia asubuhi na mapema. Alisema nije, hakusema kwa nini.

Nilimkuta ameketi mezani. Mbele yake, juu ya kitambaa cha meza cha kufuma, kulikuwa na kipande cha chuma cha urefu wa shibiri moja na nusu. Shibiri nzima ilikuwa na kutu. Nusu iliyobaki ilikuwa safi, na vumbi la simiti la kijivu limeishika kidogo. Ncha zote mbili zilikuwa zimekatwa kwa mkasi wa bati, vizuri kabisa.

"Nilifunga kamba ya nguo kutoka jikoni mpaka pale kwenye mkia," alisema. "Nikaanika blanketi. Limelowa, likavuta. Kimetoka." Alikisogeza kwangu kwa kidole. "Mami, si hiki ndicho ulikuwa unahesabu?"

Nilitoka nje. Nilipanda juu ya pipa la maji, nikashika mkia wa pili kwa koleo la kaka la kukatia waya, nikavuta. Ulikataa kidogo, ukacheza, ukaja. Shibiri moja na nusu. Wa tatu ukaja. Wa nne. Wa tano ulikuja kwa mkono mtupu. Wa sita ulikataa kabisa, na moyo wangu, mpumbavu, ukaruka kwa furaha. Mama akaniletea nyundo na patasi bila kuambiwa. Nikachimba simiti pembeni, ambayo ilimeguka kama ugali wa jana, na ndani nikaona ncha ya chuma imekunjwa kidogo kama ndoano. Ndiyo maana ulikataa. Urefu wake ulikuwa ule ule.

Nilishuka. Mama alikuwa ameikusanya ile mingine kwenye aproni yake.

"Hakuna kitu ndani?" aliuliza.

"Hakuna kitu ndani, mama."

Hizo ndizo pembe nilizomchekea mchungaji. Zilikuwa zimefungwa kwa mafuta peke yake.

Fundi nilimkuta Jumapili, Kenyatta Market, anakula nyama choma na wenzake, kofia kichwani. Nilikiweka kipande cha chuma kwenye ubao, kando ya kachumbari. Alikitazama, akakitambua, wala hakushtuka.

"Madam! Karibu nyama."

"Utepe uko wapi?"

"Si huu hapa?"

"Nilisema uzunguke nyumba nzima. Nilichora."

"Hiyo ilikuwa kwa karatasi." Alisema kwa upole, kama mtu anayenisaidia kukumbuka. "Kwa mdomo ulisema unataka kuona mkia. Na kila Sunday ulikuwa unahesabu nini? Mkia. Bro yako akasema tusikusumbue, tukupatie mikia ukae na raha. Hata ule mmoja ulikosa, si tulikuletea?"

Wenzake walicheka, si kwa ubaya. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwambia hasa ni wapi nitatazama. Nilikuwa nimesimama getini Jumapili baada ya Jumapili na viatu vinavyong'aa, nikihesabu kitu nilichokuwa nimekiagiza mimi mwenyewe kionekane.

"Na mkanda wa zege?" nikauliza.

"Huo uko," akasema, akatafuna. "Upande wa mbele uko."

Kaka naye nilimwendea dukani River Road. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alikuwa amekaa chini ya misokoto ya utepe, imening'inia juu ya kichwa chake, mingi ya kuifunga Kabiria nzima. Hakukana. Alisema mafundi wote walimwambia mambo yale ni ya vitabuni, jiwe linakaa kwa uzito wake, na mimi nilikuwa napenda tu kuamrisha watu.

"Na wewe ndio ulipitisha," alisema. "Mama aliniuliza mimi? Aliuliza wewe."

"Nyumba ikianguka itauliza nani amepitisha?"

"Si imetingishwa? Imeanguka?" Akaizaba kaunta kofi. "Haijaanguka."

Huo ndio ushahidi wake mpaka leo. Jumba lile lingali limesimama, na kila Krismasi hunionyesha kwa mkono kama mtu aliyeshinda kesi. Nimemweleza mara ngapi kwamba mtikisiko ule uliotufikia ulikuwa mabaki, umetoka mbali na umechoka njiani, na kwamba mtu aliyekohoa bila kufa hajathibitisha kwamba hana kifua kikuu. Haelewi. Wapangaji nao niliwagongea mlango mmoja mmoja nikawaeleza. Familia mbili zilihama. Mama mmoja wa ghorofa ya juu aliniuliza kama kuna jamaa yangu anayeitaka ile nyumba, maana ina maji na ni karibu na stendi.

Injinia mzee alikuja kuliona. Alizunguka jengo peke yake, akapanda mpaka juu, akateremka na vumbi magotini. Alisema tangi la maji lishushwe kutoka juu, pasiongezwe hata jiwe moja, na pembe zifungwe kwa vyuma vipana na bolti zinazopenya ukuta upande hadi upande. Tangi lilishushwa. Bolti kaka bado anazifikiria. Kwenye gari, tukirudi mjini, mzee alikishika kile kipande cha chuma akakigeuza geuza.

"Beti," alisema, "chuma angalia yeye akilala. Siyo yeye akitoa ulimi."

Basi. Miaka yote ile hakuwahi kunikaripia zaidi ya hapo. Nyani haoni kundule. Mimi niliona ya kaka, ya fundi, ya mchungaji, ya jirani mwenye plasta na ya bwana mwenye tai, na nilikuwa na macho makali kweli. Nawadharau wote hadi sasa, sijabadilika sana. Ila orodha imeongezeka mtu mmoja, na huyo simwondoi.

Nilimwomba mama aje kwangu. Nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili karibu na Kenyatta Market, jengo la mawe, ghorofa ya tatu.

"Huko kwako nani alihesabu?" aliniuliza.

Sikuwa najua. Sikuwa nimewahi hata kufikiria kuuliza.

Akaamua mwenyewe. Angehamia jikoni, kwenye kile kibanda cha mbao alichokataa kisibomolewe. Kilikuwa na moshi wa miaka mingi na mlango uliolia ukifunguliwa. Nilijaribu kubisha, nikasema ni aibu, watu watasema nini, na nikajisikia nikiongea kwa sauti ya kaka.

"Mimi jiwe sikuliamini hata siku moja," mama alisema, akikunja blanketi. "Unajua hivyo. Nililala humo kwa sababu ulisema nilale."

Alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Nililia, nimeshika mto wake, na yeye akaendelea kukunja.

Kulikuwa kumenyesha manyunyu ya Agosti siku nzima. Kati ya mlango wake na jiko palikuwa na udongo mwekundu umelowa, ule wa Kabiria unaoshika mguu na usiuachie. Tulibakiwa na kitanda. Mama alikamata upande wa kichwani, akakiinua kidogo kupima uzito, kisha akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa nimetoka ofisini moja kwa moja.

"Kiache, mami," alisema. "Nitamwita mtu wa juu anisaidie. Usichafue viatu."

Nilivivua pale pale mlangoni, nikashuka matopeni, nikashika upande wa miguuni.